Zabibu za Jirani

Jumamosi, 2 Agosti 1986
Tumefika. Kutwa nzima kutoka kwetu Harrow, kwa feri na gari la Baba, sufuria ya Bibi mapajani mwangu. Nyumba tuliyopanga kwa likizo ni ya mawe, nzuri. Tatizo: kijiji kizima cha Wafaransa hawa kinatengeneza mvinyo, hata chini ya sakafu yetu kuna mapipa. Hakuna aliyetwambia. Bibi kauliza kama Mungu alimtoa Unguja salama ili aje alale juu ya mapipa ya pombe. Baba kasema mapipa ni matupu. Bibi kasema choo nacho kikiwa kitupu bado ni choo.

Lakini jirani ni jirani. Bibi kakaanga visheti, kanituma mlango wa pili. Kafungua msichana wa rika langu, kidole ndani ya kitabu asipoteze ukurasa. Babu yake kamwita kutoka ndani: Solène. Mimi ndiye niliyepata zawadi ya Kifaransa shuleni. Nikamwambia, "Hii ni sahani." Nikakimbia.

Jumapili, 3 Agosti
Nimekaa kizingitini tangu asubuhi. Kwetu sahani hairudi tupu. Ataileta na kitu, tutazungumza vitabu.

Kaja babu yake. Sahani tupu, imeoshwa inang'aa. Bibi kaigeuza juu chini, kauliza kama tuliwapelekea waoshe. Hapeleki tena.

Nikaona maisha yangu yamekwisha. Nikapanda ukuta wa nyuma, nikachuma zabibu za jirani, nikamwambia Bibi mzee alisahau, karudi nazo. Mbichi, kali kama siki. Bibi kakunja uso, kameza, kasema zawadi ni zawadi. Kesho sambusa.

Jumatatu, 4 Agosti
Solène kapokea sambusa, kasema maneno mengi upesi. Nikashika matatu: babu, zabibu, mwizi. Nikasikitika naye. Kaniomba nimsaidie kulinda alasiri, babu akilala.

Mimi na Solène chini ya mizabibu, kila mtu na kitabu chake. Alipofunua ukurasa, nami nikafunua, ingawa sikuwa nimesoma. Sijawahi kutaka alasiri isiishe namna ile.

Mwizi hakuja. Solène kasema basi, kesho hakuna haja.

Jioni nikaenda kuiba tena.

Jumatano, 6 Agosti
Tumelinda jana na leo. Mdogo wangu Mwanamwema kaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba mimi ni mjinga.

Bibi kaona haya kupokea zabibu za mzee kila siku bila kumshukuru ana kwa ana. Kavaa buibui, kaenda mwenyewe na zabibu kwenye bakuli, mimi nyuma. Hajui neno la Kifaransa. Kaonyesha zabibu, kamwonyesha mzee, kaweka mkono kifuani. Mzee kacheka mpaka kaketi. Solène hakucheka. Kaniangalia, kafunga kitabu bila kuweka kidole.

Jumatatu, 11 Agosti
Harrow. Mvua. Bibi anatafuta sahani yake ya maua. Nimekiri: asubuhi ya kuondoka niliiacha mlangoni kwa Solène, na maandazi, na anwani yetu chini yake. Bibi kasema nimeshaitupa, wale hawajui hata sahani inarudishwaje.

Lakini sahani ya watu haikai kwa watu. Nimekaa ngazini na kitabu, naangalia mlango. Tarishi kapita. Bili ya umeme.

Nimesoma kwamba zabibu za kule huiva Septemba. Bila shaka anangoja ziive.