Jinsi Zuwena binti Sele Alivyoitwaa Konekta ya Miguu Miwili

Sogeeni, enyi watu wa Ngamiani, nanyi mpitao kwa baiskeli kamateni breki, mpate kusikia habari za Zuwena binti Sele, mshonaji wa Barabara ya Kumi na Mbili, mshika mkasi asiyetetemeka, siku alipotoka kwenda kupigania konekta, kiungo cha nyaya mbili, isiyozidi punje ya hindi.

Babaye, mzee Sele, kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya sauti. Alipotaka maji aligonga ukuta kwa kijiko, na kwa ngurumo ya cherehani bintiye hakusikia. Hata siku moja akamkuta mzee analia kimya kimya, kikombe kitupu kifuani. Hapo Zuwena akaapa. Kwa ufundi aliojifunza kwa kufungua redio mbovu, akaunda kengele ya betri. Bali nyaya alizozisokota na kuzifunga utepe zilichomoka kila mzee alipogeuka kitandani.

Mara mbili alilivamia duka la Ernesti, mlinzi wa visanduku mia vya vipuri, na mara mbili alirudi ameshindwa: konekta ya kwanza ilikataa kuingia kwenye tundu la kengele kwa upana wa nusu uzi, ya pili iliingia, ikatoka yenyewe kama mgeni aliyesusa chakula. Mara ya tatu akaibeba kengele yenyewe, imefungwa kanga kama mwana mchanga, akaiweka mezani.

"Fundi Ernesti," akanena, "macho yamenidanganya mara mbili, siyaamini tena. Leo kila dume litajaribiwa kwa jike lake, tundu la kengele hii, mbele ya mashahidi!"

Ernesti akasimama, akavua miwani. "Dada Zuwena, zijue hatari zilizo mbele yako. Hizi za milimita mbili na hizi za mbili na nusu ni ndugu wa tumbo moja; hata mimi niliyezeeka nazo hunichanganya. Wengi wameingia humu na ushujaa, wakatoka na gundi."

"Zilete."

Zikaletwa kumi na moja, zikaanguka kumi na moja. Ya kumi na mbili ikaingia, ikalia *tak!*, jino lake likauma. Zuwena akaivuta, haikutoka. Akaupapasa waya wake kwa vidole vilivyozoea nyuzi: laini, wa nyuzi nyingi, si ule mgumu ukatikao kwa kupindwa. Akabonyeza kitufe.

Kimya.

Wateja wakainamisha vichwa. Zuwena akakiona tena kile kikombe kitupu. Akaiinua konekta kwenye mwanga, akaitazama sana, kisha akapaza sauti: "Imeshonwa kinyume! Waya mwekundu umekalia kiti cha mweusi!"

Akachomoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, akainua vijino viwili vya plastiki, akazitoa nyaya, akazibadilisha viti. Akabonyeza. Kengele ikapiga ukelele hata muuza samaki aliyekuwa akipita akatupa kapu lake.

"Nimeona," akasema Ernesti, naye akakaa chini.

Kengele ikafungwa kando ya kitanda, na kabla ya alasiri mzee Sele aliita mara kumi na nne. Mara moja alitaka maji. Mara kumi na tatu hakutaka kitu, alitaka tu kuona kama atakuja, na mara zote kumi na tatu Zuwena akaliacha vazi la watu chini ya sindano, akaja, akauliza, "Labeka, baba?"

Wahesabuo miaka kwa vita na kwa njaa, na wauongeze huu: mwaka ambao mzee Sele aliita, akaitikiwa.