Kuharakisha Kompyuta ya Mwalimu

Jumatatu, 4 Machi

Nimewasha kompyuta ya marehemu mke wangu baada ya kifungua kinywa. Nikaosha vyombo. Nikafagia sebule. Nikaanika shuka mbili. Niliporudi ilikuwa bado inazungusha kile kiduara chake. Dakika ishirini na mbili kwa saa ya ukutani. Nimesoma mita za maji za mji huu miaka thelathini na moja, kwa hiyo vipimo vyangu havina mjadala.

Sababu ya kuiwasha ni binti yangu. Alipiga simu jana. Anakuja Jumamosi na mtoto wake wa miezi minne, na ana ombi moja tu. Mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na mimi pia, alikuwa na kawaida ya kujirekodi hapa sebuleni akisoma hadithi alizowaandikia wanafunzi wake wa darasa la pili. Rekodi zimo humo kwenye kompyuta. Binti anataka mtoto aisikie sauti ya bibi yake. Mwalimu alituacha Oktoba, wiki tatu kabla mjukuu hajazaliwa.

Akaniambia nisihangaike. Atakuja na flashi, atanakili mwenyewe. Nisiguse kitu.

Nisiguse kitu. Mimi.

Najua kilichojificha nyuma ya maneno hayo. Tangu msiba anataka nihamie kwake. Anasema siwezi kuishi peke yangu, ati nilikaanga kijiko cha plastiki pamoja na mayai. Ni kweli kilikaangika, lakini ni mara moja. Sasa akija akute mashine inajikokota namna hii, atasema, unaona, Baba. Akikuta inawaka kufumba na kufumbua, atakosa la kusema.

Nimeamua. Kufika Jumamosi kompyuta hii itakuwa inakimbia.

Jumanne, 5 Machi

Shemeji amepita. Ni kaka yake Mwalimu. Mtaani wanamwita Mhandisi, kisa aliwahi kutengeneza kengele ya mlango wa jirani. Ameitazama kompyuta ikiwaka, akamaliza vikombe viwili vya chai, bado ikawa inawaka. Akasema hii ni ya kupeleka kwa fundi. Yuko dada mmoja ana kibanda kando ya posta, kazi yake safi. Akajitolea kuipeleka yeye, ili binti akija akute mjomba wake ameshamaliza kila kitu.

Mjomba wake. Nikamwambia ahsante sana shemeji, chai imekwisha.

Alipoondoka nikaikagua. Chini inachemka kama pasi. Hata mimi nikipigwa na jua nazubaa, sembuse chuma. Nikajaza sinia barafu, nikatandika taulo, nikailaza juu yake. Dakika kumi za mwanzo mambo yalikuwa mazuri mno. Kisha taulo likalowa. Herufi ya M na ya N hazibonyezeki tena.

Nimeiegemeza dirishani ikauke. Mwalimu angecheka mpaka akae chini. Alasiri nzima nyumba imekuwa kimya. Ningefurahi hata kama angenigombeza.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kwa yule fundi. Kuuliza tu. Nikamwambia ni kompyuta ya rafiki yangu. Akauliza rafiki anayo tangu lini. Miaka kumi na miwili. Akauliza kama rafiki aliwahi kuimwagia maji. Nikasema barafu.

Ni binti mtaratibu, ana miwani minene. Akanieleza bila haraka. Kuna programu zinazojiwasha zenyewe, ziondolewe. Kuna vumbi kwenye feni, lisafishwe. Memori iongezwe. Diski ya zamani itolewe, iwekwe ya kisasa, hapo mashine itafufuka.

"Lakini kwanza nakala, mzee," akasema. "Mwambie rafiki yako asifute hata kitu kimoja kabla hajaweka nakala pembeni."

Nikaandika yote kwenye daftari. Nilipofika nyumbani nikayapanga upya kwa umuhimu. Nakala nimeiweka mwisho. Kwa mwendo huu wa kobe, kunakili kutakula siku nzima, lakini mashine ikishapata kasi itakuwa kazi ya dakika tano. Punda akiumwa, humbebeshi mzigo ndipo umtibu. Nashangaa fundi hajaliona hilo. Ni ujana.

Nimeanza na vumbi. Skrubu kumi na moja, nikafunua mgongo. Ndani mlikuwa na vumbi la kujaza mto. Kwenye feni ulikuwa umejiviringisha unywele mmoja mrefu wa mvi.

Nimeuweka kwenye bahasha. Kazi haikuendelea kwa muda wa saa nzima.

Nimerudisha skrubu tisa. Dakika kumi na tisa.

Alhamisi, 7 Machi

Leo ndiyo leo.

Nimegundua ugonjwa wenyewe. Diski imejaa asilimia tisini na nane. Nikaiambia inipangie mafaili kwa ukubwa. Juu kabisa yakaja mafaili thelathini na sita, mazito kama magunia, na majina yake ni namba tupu. 140619. 030720. Hayana kichwa wala maelezo. Ofisini kwetu karatasi isiyo na kichwa ilikuwa taka, na aliyeitunza alihesabika mzembe.

Nimeyafuta yote. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Nikamwaga na pipa lake la taka, maana uchafu hauachwi mlangoni. Ikaniuliza tena. Nilikuwa na hakika zaidi.

Dakika nane!

Nimeizima na kuiwasha mara kwa mara nihakikishe. Nane. Nane. Nane na nusu. Nane. Nimemtumia Mhandisi ujumbe. Akajibu, hongera shemeji. Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko unavyostahili.

Alasiri nikasema sasa tuweke hizo nakala. Nikafungua folda iliyoandikwa Hadithi.

Tupu.

Nikadhani nimekosea. Nikatafuta kila mahali. Mwishowe nikavuta droo ya Mwalimu, nikatoa daftari lake la darasa. Kila hadithi ameiandika kwa mkono, na pembeni ameweka namba kwa wino mwekundu. Hadithi ya kuku aliyepotea njia, 140619. Tarehe kumi na nne, mwezi wa sita, mwaka wa kumi na tisa. Ni siku aliyoisoma.

Namba zote thelathini na sita zimo.

Siandiki zaidi leo.

Ijumaa, 8 Machi

Sikuwa na hamu ya kula. Nimewasha kompyuta mara ishirini hivi, labda mafaili yangejirudi. Hayakujirudi. Dakika nane.

Kumpigia binti simu nimwambie? Nimeshika simu mara tatu. Halafu nikapata wazo.

Hadithi zenyewe ninazo kwenye daftari. Miaka thelathini na nne nimeisikia sauti ile. Nani anaijua kunishinda? Nikaingia ndani ya kabati la nguo ili kelele za barabarani zisisikike, nikafunga mlango, nikawasha simu irekodi, nikabana koo. Hapo zamani palikuwa na kuku.

Nikasikiliza. Mbuzi aliyebanwa na mlango.

Nikarudia, polepole zaidi. Bado mbuzi, ila sasa amechoka. Mara ya tatu nilikuwa nimeanza kuipata. Lakini nguo zake zimo mle kabatini, sijazitoa, na gauni lake la kijani lilikuwa limenigusa shavuni. Nilipofika pale kuku anapomwita mama yake, sauti ikakatika. Nikamalizia kwa sauti yangu ya kawaida, kwa taabu.

Nimechagua hiyo ya tatu. Nimeihamishia kwenye kompyuta, nikaipa jina 140619.

Jumamosi, 9 Machi

Wamefika saa nne asubuhi. Mjukuu ana paji la uso la Mwalimu, lilelile. Nilijikaza. Mhandisi naye akatokea, eti alikuwa anapita.

Nikawakalisha. Nikabonyeza kitufe kwa madaha. Dakika nane ni nyingi watu wakiwa wamekutazama. Binti akasema kumbe imepona. Shemeji akakubali kwamba nimejitahidi. Kwa muda mfupi nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nikacheza rekodi.

Binti alisikiliza mpaka kwenye neno la nne.

"Baba, huyu ni wewe."

"Ni mama yako," nikasema. "Alikuwa na mafua."

Akanitazama. Hakunitazama kama mtu aliyekasirika.

"Umezifuta?"

Nikaitikia kwa kichwa. Hakupaza sauti. Ni muuguzi, amezoea kupokea habari mbaya akiwa amesimama. Alinipakatisha mtoto, akaingia chumbani kwa mama yake, akafunga mlango. Mtoto akanishika kidole. Nilisikia mlango wa kabati ukifunguliwa.

Mhandisi aliikunja kompyuta, akaiweka kwapani. Akasema isiwashwe tena kabisa, anakimbia kwa fundi kabla hajafunga. Nilingoja anitukane kidogo. Hakunitukana. Alinigusa bega akatoka.

Jumapili, 10 Machi

Fundi hafungui Jumapili. Kwa ajili yetu amefungua. Tulikaa kwenye kibenchi chake, watatu na mtoto.

Akaniuliza, huku akiangalia skrini, kama rafiki yangu aliiwasha tena baada ya kufuta. Nikasema aliiwasha. Mara ngapi? Nikasema mara arobaini, alikuwa anapima dakika. Akavua miwani, akaifuta. Akaeleza kwamba kitu kikifutwa huwa hakijaondoka papo hapo, lakini kila mashine inapowaka inaandika mambo yake juu ya yale yaliyofutwa. Kumbe kila nilipohesabu nane, nilikuwa namfuta Mwalimu upya.

Kati ya thelathini na sita ameokoa moja. Haizidi dakika mbili.

Akaicheza. Mwalimu anasema, hapo zamani palikuwa na kuku aliyependa kutembea. Sauti yake, palepale kibandani, kando ya posta. Kisha mlango unafunguliwa, na sauti ya mwanamume inauliza soksi zake za kijivu ziko wapi, kwa nini kila kitu nyumba hii kinahama. Mwalimu anasema, "Umezishika mkononi, mume wangu." Halafu anacheka. Anacheka muda mrefu, anashindwa kujizuia, na yule mwanamume naye anaanza kucheka. Kiti kinaburuzwa. Mwalimu anasema, haya, tuanze upya. Rekodi inaishia hapo.

Hadithi haimo. Ni soksi tu.

Nikamwomba binti msamaha. Nilijaribu kueleza habari za punda mgonjwa, nikaona hazieleweki hata kwangu.

"Inatosha, Baba," akasema. "Irudie."

Fundi akairudia mara nne. Mara ya mwisho mtoto aligeuza kichwa kutafuta anayecheka yuko wapi. Nikalia mbele ya Mhandisi, jambo nililokuwa nimeapa halitatokea nikiwa hai. Naye alikuwa analia, kwa hiyo tuko sawa.

Jumatatu, 11 Machi

Wameondoka asubuhi. Binti amechukua nakala kwenye flashi na kwenye simu, nyingine amempa mjomba wake, nyingine ameniwekea mimi. Suala la kuhama hakuligusa. Mlangoni tu alinishika mkono, akauliza nitakwenda lini kuwaona. Nikasema tutaona. Basi lilipokata kona nikatamani ningesema kesho.

Ameniapisha nisiiguse tena kompyuta ya mama yake. Nimeapa, na kiapo nitakitimiza.

Saa tisa simu imelia. Mwalimu mkuu wa shule aliyofundisha marehemu, kanijulia hali. Mama muungwana, hajatusahau. Katika mazungumzo akagusia kwamba kompyuta ya ofisi yao imekuwa nzito mno siku hizi. Ile yenye majina na alama za wanafunzi wote tangu shule ianzishwe.

Nikakaa wima. Nikamwambia asisumbuke na mafundi, mimi nipo.

Akauliza kama nina uzoefu. Ninao, nikamwambia, tena wa wiki hii. Akauliza kama waweke nakala kwanza. Nikamweleza kwamba watu wengi hukosea hapo. Mashine kwanza iwe nyepesi, nakala baadaye.

Nakwenda kesho saa mbili asubuhi. Tangu Oktoba sijawa na mahali pa kwenda saa mbili asubuhi. Nimepiga pasi shati.