Neno la Kwanza la Lusajo Limenikuta Chini

Jamani, leo nimeaibika kazini, na sketi bado imelowa.

Kazi yangu ni kuwasaidia watoto waliochelewa kuongea. Nimehamishiwa Tukuyu mwaka huu kutoka Tanga (mila za wenyeji sizijui, na sikuwahi kuuliza). Mgonjwa wangu wa asubuhi ni Lusajo wa kijiji cha Isongole, miaka minne. Anasikia vizuri, anaelewa kila kitu, ila hajawahi kutamka neno hata moja. Miezi mitatu nampulizia mapovu ya sabuni, naacha, nasubiri aseme "tena". Hasemi. Mama yake ameanza kukata tamaa, na kusema kweli hata mimi.

Wiki iliyopita nikamwambia mama, "Njoo na watu wa nyumbani, wote tujifunze."

Leo Lusajo kaja na babu yake mzaa baba kwa bodaboda, wakaingia ndani. Mama kaja kwa bodaboda nyingine. Akabaki nje, kanga usoni, kaupa mlango mgongo. Nikajua hapa kuna ugomvi. (Mjuaji mimi!)

"Mama Lusajo, ingia tukae mkekani, tutazamane."

"Hapana dada, hapa panatosha."

"Mtoto hawezi kujifunza kuongea watu wamenuniana!"

Nikamshika mkono, nikamvuta mpaka mbele ya babu. Babu akageukia ukutani upesi. Mama akapiga ukelele, akajichomoa, akatoka mbio. Mimi niliyekuwa navuta nikaenda kinyumenyume, nikakalia beseni la maji ya sabuni. Pwaa! Beseni likapasuka.

Wazazi wote waliokuwa kwenye foleni wakachungulia.

"Daktari," babu akasema, bado anatazama ukuta, "kwetu mkwe na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Ni heshima. Hatujagombana."

Nilitamani sakafu inimeze. Ndipo Lusajo akacheka mpaka akashika tumbo, akaninyooshea kidole:

"Tena!"

Huko nje mama akapiga kigelegele, kisha nikasikia analia. Na mimi machozi yakanitoka, na safari hii hayakuwa ya aibu.

Shida ikawa moja. Wazazi wale wale nimewafundisha mwenyewe: mtoto akiomba kwa neno, mpe papo hapo, ajue kuongea kuna faida. Wote wakanikodolea macho.

"Daktari, mtoto kaomba," babu akauambia ukuta.

Nikasimama. Nikaanguka. (Mtumishi wa umma, mwenye kitambulisho shingoni.)

"Tena!"

Nimeanguka mara sita. Mara ya sita alisema "Tena!" kabla sijafika chini.

Tafadhali msicheke. Wakati wa kuondoka babu kanishukuru, "Ndaga fijo, daktari, asante sana," na kaahidi kwamba Alhamisi atakuja na beseni kubwa zaidi.