Salamu Zilizobeba Cherehani

Kwa Shemeji yangu Seremala,

Kosa wanalolifanya watu wengi ni kusikiliza jinsi mtu anavyosema badala ya kusikiliza alichokisema. Nimefundisha lugha mpaka nikastaafu, kwa hiyo niruhusu nikueleze taratibu, kama nilivyozoea darasani. Maana imo ndani ya maneno kama maji yalivyomo ndani ya ndoo. Sauti, macho, mguno na mlango unaofungwa kwa nguvu ni mlio wa ndoo tu, na mwenye kiu hanywi mlio.

Naanza na maelezo haya ili yanayofuata usiyachukulie kuwa ni ya mtu mwenye hasira. Sina hasira. Nataka tu dada yako, yaani mke wangu, amalize kukusalimia arudi nyumbani. Malalamiko yangu nayapanga kwa namba ili utakaponijibu tusichanganyane.

1. Dada yako hutoa taarifa, halafu hukasirika zikipokelewa. Alisimama mlangoni pa jikoni akasema ndoo ya taka imejaa. Nikainua macho kutoka kwenye gazeti, nikaitazama, nikakubaliana naye kwamba kweli imejaa. Kesho yake akasema bado imejaa, nikampongeza kwa kufuatilia. Mara ya tatu aliimwaga mwenyewe, na kifuniko kikapigwa chini mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara akachungulia. Sasa nakuuliza, shemeji: katika maneno "ndoo imejaa", mimi nimetajwa wapi?

2. Neno "sawa". Dada yako analo la kukubali, analo la kukataa, na analo jingine ambalo huiambia cherehani badala ya kuniambia mimi. Nilimweleza kwa upole kwamba si haki neno moja kutumikishwa hivyo, achague matumizi mamoja tuelewane. Akasema sawa. Mpaka leo sijajua alichagua lipi.

3. Wateja. Unajua anashonea katika chumba chetu cha mbele, nami hukaa pale pembeni kwa sababu ya mwanga wa kusomea. Alikuja mke wa muuza nyama kujaribu gauni la harusi ya mwanawe. Akajigeuza mbele ya kioo, akamuuliza dada yako kama amenenepa. Dada yako akasema vitambaa vya siku hizi vinabana. Hilo halikuwa jibu. Ameulizwa habari za mtu, anajibu habari za kitambaa. Mimi sipendi swali likae bila jibu, kwa hiyo nilisimama, nikachukua utepe wa kupimia, nikalinganisha vipimo vipya na vya zamani, nikamsomea mama yule kwa sauti ya kusikika, wateja wengine wakiwa pale kwenye benchi. Akasema, "Asante, mwalimu." Nikamkaribisha tena. Hajaja tena, gauni amelipeleka kwa fundi mwingine, na wale wa kwenye benchi wamemfuata huko. Jioni ile nilisikia "sawa" ya aina ambayo hata kwenye namba mbili hapo juu haimo.

4. Hili ndilo kubwa. Asubuhi iliyofuata aliniambia, "Naenda kumsalimia kaka." Nilifurahi, maana ni sentensi safi: yupo mtendaji, lipo tendo, yupo mtendwa, na hakuna mguno hata mmoja. Nikamwambia akusalimie sana. Ndipo akaanza kufunga nguo, pasi, mikasi na cherehani. Sikuuliza kitu, kwa sababu sentensi ilikuwa imekwisha kamilika. Nilimsaidia kukaza kamba juu ya mkokoteni, nikamshauri mwenye mkokoteni akwepe mashimo ya pale kona. Langoni dada yako aligeuka akaniuliza, "Utakula nini?" Nikamjibu kikamilifu kwamba nitakula maharage, na yakiisha nitapika wali. Akasema, "Haya," akaondoka.

Maharage yameisha, wali umeisha, salamu hazijaisha. Hebu fikiri nawe, shemeji. Ni salamu gani inayohitaji pasi?

5. Wewe mwenyewe. Nilipokupigia simu kuuliza kama salamu zangu zimefika, ulisema kwako nafasi ipo, ila dada analala na watoto kitanda kimoja. Nikakushukuru kwa nafasi. Ukarudia habari ya kitanda. Nikakukumbusha kwamba wewe ni seremala, mbao unazo, misumari unayo, basi tengeneza kingine. Ukacheka kicheko kisicho na kiima wala kiarifu, ukakata simu. Siku hizi hata fundi viatu kila nikipita ananiambia, "Mwalimu, nyumba yako imepoa." Nimemweleza mara nyingi habari za mapazia na upepo wa asubuhi. Hasikii.

Kwa sababu hizo, nakuomba wewe kama kaka mkubwa utangaze rasmi mbele ya dada yako kwamba salamu zimepokelewa na zimefungwa. Pili, umweleze kwamba akirudi, humu ndani tutazungumza kwa sentensi kamili. Anayetaka ndoo imwagwe atasema, "Mimi, mkeo, nakuomba wewe, mume wangu, uimwage ndoo hii sasa," kwa sauti ya kawaida, macho yakitazama mbele. Miguno ikome. Kusonya kukome. Zaidi ya yote kukome kunyamaza, maana kunyamaza hakuna neno hata moja ndani yake, na bado humu ndani sisikii kitu kingine. Ile kona ya cherehani ndiyo imezidi. Nikiwa nasoma gazeti najikuta nimegeuza kichwa kuisikiliza.

Msalimie mkeo, wasalimie watoto wanaobanana kitandani, na mafundi wenzako wa karakana. Msalimie na dada yako. Ninaposema msalimie, nina maana umsalimie, si zaidi ya hapo.

Ni mimi shemeji yako,
Mwalimu mstaafu, mtu wa kusema alichokisema

Tanbihi: Nilikuwa natafuta bahasha simu ikalia. Ni dada yako. Akasema, "Nimesahau miwani yangu ya kushonea. Nadhani iko juu ya kabati." Shemeji, yule bila miwani haoni hata sindano, sembuse tundu lake, na nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa inakimbia bila kukosea. Kisha nikaisikia imesimama. Inasubiri. Nikamwambia, "Naileta mwenyewe, na mkokoteni nakuja nao." Akasema, "Haya." Hiyo "haya" haina kiima, na mimi nimeimba tangu nilipoisikia. Ndoo nimeimwaga na kuiosha. Juu ya kabati nimepanda kuangalia, kuna vumbi tu. Barua hii anatangulia nayo mwenye mkokoteni, atanisubiri hapo kwako na mkokoteni wake, wakati mimi nanyoa ndevu, kisha nitapitia kwa mke wa muuza nyama kumwambia kwamba utepe ule ulikuwa mbovu. Leo nikifika hapo mikono mitupu, usiniulize miwani iko wapi.