Mbuzi Isiyokalika

Jumatatu, 6 Oktoba 2003. Sharpstown, Houston.
Habari mbaya. Mahfudha amepata kazi ya unesi Dallas. Ataijibu hospitali Jumapili. Nimeambiwa na Sufyan, dereva wa lori, ambaye hujua kila kitu kabla yangu na hunieleza huku anatafuna. Miaka miwili nampenda mwanamke huyu kimyakimya, leo Dallas! Sufyan kasema nimwambie tu, yaishe. Mtu wa lori atajua nini mambo ya moyo? Mimi nina mpango.

Maabara yetu ya chuo hutengeneza vitu visivyokuwepo. Unavaa kofia yenye skrini machoni na glavu ya nyaya mkononi, unaona kitu, unakishika, unakigeuza, kumbe ni hewa tupu. Kazi yangu ni kuhakikisha mtu anashika bila kuchoka. Sasa, Mahfudha kila siku analalamika kuwa tui la kopo halina ladha, na kwamba ameikumbuka mbuzi ya kukunia nazi ya marehemu mamake, iliyobaki Mombasa. Picha ya mbuzi hiyo anayo ukutani, nimeiona mara nyingi. Basi nitamtengenezea ileile. Nani atahamia Dallas wakati mbuzi ya mamake iko Houston?

Jumanne, 7 Oktoba.
Mbuzi tayari! Kiti cha mti, ulimi wa chuma, meno yote. Niliiweka usawa wa kifua. Kosa. Mikono ilining'inia hewani dakika kumi, bega likawaka moto, na jioni nimeshindwa hata kuinua tonge. Nimeishusha hadi kimo chake cha kweli, nikakalia ndoo niliyoipindua, viwiko juu ya magoti. Raha mustarehe! Wazungu kumi na wawili wa maabara wameijaribu wakiwa wamesimama, wameinama. Wote wamesifu. Mmoja kauliza huyu ni ndege gani.

Alhamisi, 9 Oktoba.
Nimempigia Mahfudha. Akasema taratibu kuwa Jumapili si mbali, na kama kuna mtu Houston ana neno la kumwambia, yeye yuko tayari kusikiliza. Nikamjibu neno lenyewe ataliona Jumamosi maabara, ghorofa ya pili, asisahau kitambulisho. Akasema haya. Nadhani amefurahi.

Jumamosi, 11 Oktoba.
Lahaula.
Asubuhi nilisafisha maabara ipendeze kwa mgeni. Ndoo nikaitia stoo. Mahfudha akaja na Sufyan, maana gari lake bovu. Nikamvisha kofia kwa mikono yangu, nikanusa udi kwenye mtandio wake, nikasahau jina langu. Akatazama chini. Akasema, "Mama." Machozi yakamtoka chini ya kofia. Nami neno likafika kabisa mdomoni.

Halafu akafanya alichofanya kila mwanamke wa kwetu tangu utotoni. Akakusanya gauni, akageuka ubavu, akaikalia mbuzi.

Mbuzi haipo! Sakafu ya saruji ipo. Kishindo kilisikika hadi korido. Wazungu kumi na wawili, hakuna aliyekaa, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa ile hukaliwa. Mimi nilijua. Mimi nimelelewa na mbuzi ya nazi!

Sufyan alicheka, kisha akamwinua. Mahfudha akajifuta vumbi, akanitazama machoni.

"Abdulhalim, una neno au huna?"

Nikamwambia nitaweka alama nyekundu pale pa kukalia.

Jumapili, 12 Oktoba.
Amekubali Dallas. Amenipigia mwenyewe, hakumtuma mtu. Kasema nyonga inauma lakini hana kinyongo, kwamba kwa dakika moja nilimrudishia jiko la mamake, na hilo hatalisahau. Hakukata simu. Nikamweleza habari ya ndoo. Akasema kwaheri.

Jumapili, 19 Oktoba.
Wiki nzima sijielewi. Mahfudha alihama Jumatano. Jana nili-drive hadi mtaa wa Alief, nikapita mbele ya nyumba aliyokuwa akikaa, nikazunguka, nikapita tena. Dirishani tayari kuna pazia la watu wengine. Nampenda. Nimeliandika hapa ili mkono uzoee.

Leo Sufyan amerudi kutoka Dallas. Kasema Mahfudha aliniulizia mara tatu, kama nakula, kama bega limepona. Kasema kesho alfajiri anakwenda tena, kiti cha pembeni kitupu, barabara ni moja, mwendo wa saa nne tu. Nimemshukuru, nikamwambia nina kazi.

Kwa sababu kosa nimeligundua! Mbuzi ni ya jikoni, na jikoni ni uchovu. Mtu anayetamani kwao anataka kupumzika. Nimeanza kumtengenezea pembea ya barazani, minyororo minne, mito miwili, pana ya kutosha watu wawili. Itakuwa tayari kabla ya Idi. Atakuja, atavaa kofia, ataiona.

Akishaikalia tu, nitamwambia.