Kulijulia Hali Gitaa la Jirani

Jumapili, 2 Machi

Jirani yangu hatamaliza mwezi. Kasema muuguzi, kamwambia dada wa mgonjwa, naye kamwambia mke wangu wakati wanaanua nguo. Ini limekwisha. Habari nzito. Nilikaa nayo kwa muda unaostahili, kisha nikawaza gitaa lake.

Ni la umeme, jekundu, limetundikwa ukutani juu ya kitanda. Jirani alikuwa mpiga solo wa bendi, na mtaa mzima unamwita Solo hadi leo. Mimi nina gitaa kavu, nililolinunua nilipostaafu kazi ya kusoma mita za maji. Nimelipiga mwaka mzima. Vidole vimeota sugu, wimbo hakuna. Mke wangu anasema ni kama mtu anakwangua sufuria. Lakini tatizo si mimi. Gitaa kavu linataka nguvu za ujana. La umeme unaligusa tu, linaimba lenyewe. Kwa umri wangu ni kama miwani. Si anasa, ni tiba.

Kesho nitakwenda kumjulia hali.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda na machungwa. Dada yake amenipokea, akasema nimefanya vizuri kumkumbuka mgonjwa, hasa kwa kuwa tumepakana ukuta miaka yote na sijawahi kuvuka kizingiti. Sikuipenda hiyo "hasa".

Kinyozi wa pale kona alikuwa amenitangulia. Kakaa ukingoni mwa kitanda, bakuli la povu mapajani, anamnyoa mgonjwa bure. Hakuna kinyozi anayenyoa bure. Na macho yake yalikuwa yanapanda ukutani.

Solo amebaki macho na vidole. Alinitambua: mimi ndiye ninayekwaruza upande wa pili kila jioni. Nikakiri. Akasema amekuwa akiomba afe kabla sijaufikia ubeti wa pili, na kwa kuwa sijaufikia, ndiyo maana bado yupo. Kinyozi akacheka hadi ikabidi wembe usubiri.

Nikaingia kwenye hoja kwa kuzunguka. Nikasifu rangi ya gitaa. Solo si mtoto. Akasema halitoi kwa machungwa. Atakayemshikia ridhimu wimbo mmoja, mwanzo hadi mwisho, ndiye atakayelichukua. Mwenzake aliyekuwa akimshikia alishafariki, na tangu hapo kila wimbo anaouanza unamfia njiani. Ridhimu yenyewe ni mikao mitatu ya vidole, inazunguka, inarudi. Hakuna mbwembwe.

"Kazi yako ni kuwepo," akasema.

Nikasema, hilo tu? Kinyozi alikuwa anamwangalia mgonjwa vidole.

Jumatano, 5 Machi

Lazima Kinyozi aondolewe. Nimemnong'oneza Dada kwamba wembe ule unapita kwenye shingo za watu wengi, na mgonjwa hana damu ya kuchezea. Kanielewa mara moja. Kinyozi kazuiwa kunyoa. Ushindi!

Kisha Dada akanikabidhi bakuli na wembe mpya, akasema basi nyoa wewe mwenye uchungu naye.

Nimemkata kidevuni mara mbili na chini ya sikio mara moja. Damu ilichelewa kukata. Solo, macho kayafumba, akauliza kama hata mita nilikuwa nazisoma hivi hivi. Kinyozi ameitwa arudi. Amekuja na pamba.

Ijumaa, 7 Machi

Jaribio la kwanza. Nilibeba gitaa kavu langu. Solo akaegemezwa kwenye mito, akashushiwa jekundu, likachomekwa kwenye spika yake ndogo. Kwanza akalikaza langu. Akauliza nani alinifundisha kufunga nyuzi. Nikasema nimejifundisha mwenyewe. Akasema inaonekana.

Tukaanza. Mikao mitatu, inazunguka, inarudi. Niandike ukweli: ilikuwa nzuri. Mtu asiyeweza kushika kikombe alikuwa anatembeza vidole kama kijana. Dada alisimama mlangoni na ufagio, akasahau kufagia.

Ndipo nikaona upenyo. Nina kipande changu kitamu, nimekitunga mwenyewe, nikakiingiza hapo.

Solo akaacha kupiga. Akalilaza gitaa tumboni. Hakukasirika.

"Umeondoka," akasema.

Nilimweleza kwamba kosa ni la gitaa kavu, halijisikii likiwa karibu na la umeme. Tutarudia Jumanne saa nne asubuhi. Hadi wakati huo, muuguzi anataka apumzike.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya, safi kabisa. Nimemwambia Dada kwamba nyuzi za jekundu zina kutu, nalichukua nikalisafishe, Jumanne nalirudisha. Spika nayo nimeichukua, ina vumbi. Langu nimeliacha kama amana. Kinyozi alikuwepo na bakuli lake. Nilipokuwa natoka akaniambia, "Mzee, Jumanne usichelewe." Wivu huo.

Nyumbani nikalichomeka. Nikaligusa tu. Ni kweli, linaimba lenyewe. Linaimba kila kosa. Yale niliyokuwa nakosea kwa siri mwaka mzima yalitoka hadi ng'ambo ya barabara, ambako fundi cherehani alifunga dirisha. Mke wangu akasema zamani alikuwa anavumilia, sasa anaogopa. Upande wa pili wa ukuta nikasikia kikohozi, kisha mtu anagonga polepole. Nimechukulia kuwa ni pongezi.

Tatizo ni spika. Ndogo mno.

Jumanne, 11 Machi

Sikwenda. Nimelifikiria vizuri. Kwa nini nishike ridhimu kama mbeba mizigo, wakati nikiongezewa siku mbili naweza kumpigia solo yake mwenyewe, akabaki mdomo wazi na gitaa akanipa kwa hiari? Mke wangu, akiwa anajitanda aende sokoni, akauliza mgonjwa atasubiri nini. Nikamwambia atasubiri ubora.

"Anakusubiri wewe, baba," akasema, akatoka.

Saa nne Dada akagonga mlango. Nilitulia kama mzigo wa kuni, gitaa mapajani, waya nimeuchomoa. Akagonga tena. Akaondoka.

Kisha nikasikia gitaa kavu langu ng'ambo ya ukuta. Sauti yake niliijua, ila haikuwahi kutulia vile. Mikao mitatu, inazunguka, inarudi. Kinyozi. Na juu yake Solo, hana gitaa, anaipiga solo kwa mdomo. Pumzi ikimkata ananyamaza, na Kinyozi anamngoja, anazunguka tu papo hapo, hadi apate pumzi nyingine. Wakaenda hivyo hivyo. Wimbo ukafika mwisho. Ukaisha wote.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshika mkao wa tatu. Sijui ulifika hapo saa ngapi.

Alhamisi, 13 Machi

Solo alifariki jana alfajiri. Tumemzika leo.

Tuliporudi kutoka makaburini Dada akaja kulichukua jekundu na spika yake. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Akasema ni la Kinyozi, ndivyo marehemu alivyoagiza. Nikauliza kama marehemu alisema lolote kuhusu mimi. Akafikiri kidogo. Akasema Jumanne aliuliza kama nimefika, akauliza tena, kisha hakuuliza.

Nimerudishiwa langu. Linanuka sabuni ya kunyolea. Nimelijaribu: mikao yote mitatu imetoka sawa, ikazunguka, ikarudi. Nikaingiza kile kipande changu, kila kitu kikaanguka. Nilisema tangu mwanzo. Gitaa kavu halinifai.

Kule makaburini Kinyozi alikohoa. Alikohoa tena, akashika kifua. Kusoma mita kumenifunza jambo moja: nakijua kitu kinachoelekea kusimama.

Jumatatu saa nne asubuhi nakwenda kumjulia hali. Machungwa nimeshanunua.