Mirunda Yangu Si Nguzo za Nyumba ya Watu

Shibabaw Engida,
Mkodishaji wa Mirunda ya Mkaratusi,
Kotebe, Addis Ababa.
Wiki ya pili baada ya Pasaka (Fasika).

Kwa Mheshimiwa Injinia Tsehaynesh Bezabih,
Msimamizi wa kundi la simu la wahandisi wa majengo, "Nguzo Imara".

Mheshimiwa Injinia,

YAH: MIRUNDA 186 ILIYOFANYWA NGUZO BILA RIDHAA YANGU

Kwanza ujue unaandikiwa na mtu wa aina gani. Mimi ni mtoto wa bahati. Serikali ilipochezesha bahati nasibu ya nyumba za ghorofa, wenzangu wanangoja mpaka leo na mvi juu, mimi jina langu lilitoka siku ya kwanza: vyumba viwili, ghorofa ya tatu, dirisha linatazama mlima Entoto. Nimefika Djibouti mara mbili na Khartoum mara moja, na kote huko sijaona slabu iliyoanguka huku mrunda wangu uko chini yake. Shule niliiacha darasa la sita, kwa makubaliano ya pande zote mbili. Nasema haya usije ukadhani anayekuandikia ni mtu wa shida. Shida sina. Nina malalamiko tu, nayo ni haya:

1. Miaka mitatu iliyopita Weyzero Alganesh, mjane mwenye kiwanja nyuma ya kinu cha nafaka, alimwaga slabu ya ghorofa ya kwanza. Mimi ndiye niliyemkodishia mirunda ya kuishikilia mpaka zege likomae. Ajuaye kazi anajua: siku ishirini na nane, unachomoa mirunda yako, unakwenda zako. Siku ya ishirini na saba fundi alikwenda kwao Gojjam kumzika mjomba, na mjomba huyo anazikwa mwaka wa tatu sasa. Weyzero hakungoja. Alijenga kuta chini ya slabu, katikati ya mirunda, akapangisha vyumba. Mirunda ikabaki ndani na wapangaji.

Hilo nilimsamehe, maana ni mama wa watu. Lakini mwaka huu ametaka kupandisha ghorofa tatu zaidi, akamleta Injinia Eyoel, kijana mpole, viatu havina hata vumbi. Eyoel alipima nyumba asubuhi moja, akaingiza kwenye kompyuta kila kitu alichokikuta kimesimama wima. Kila kitu, Mheshimiwa. Nguzo kumi na mbili za zege, na mirunda yangu mia na themanini na sita. Weyzero mwenyewe aliponea kwa kuwa alikuwa amekaa anachambua dengu.

2. Nilipokwenda kudai mirunda yangu, Eyoel alinifungulia kompyuta. Jengo lilikuwa kijani tupu, linapendeza. Akaifuta mirunda kwa kidole, jengo zima likawa jekundu kama berbere.

"Umeona, Gashe?" akaniambia, kwa heshima anayopewa mkubwa.

"Rangi naiona. Nyumba yenyewe iko hapo nje, twende tukaitazame."

"Nyumba ya nje haina majibu, Gashe. Majibu yako humu."

Ndipo alipoandika kwenye kundi lako, na maneno yake ninayo: "Wapendwa, naomba msaada wa modeli. Nina nguzo 186 za mbao. Nikiziondoa, jengo linaanguka. Nifanyeje?" Wanachama wako mia nne, watu wa digrii na wengine wa digrii mbili, walimjibu kwa sauti moja: "Usiziondoe." Kuna mmoja tu wa Bahir Dar aliyeuliza hizo nguzo za mbao zimetoka wapi. Mlimwambia asitoke nje ya mada.

3. Tangu siku hiyo Weyzero Alganesh ana lugha mpya. Nikimwambia, "Weyzero, naomba vitu vyangu vya kukodi," ananimiminia kahawa na kunitazama kama mgonjwa.

"Gashe Shibabaw, mtu mzima wewe, uliona wapi mtu akakodisha nguzo za nyumba? Nguzo ni mali ya nyumba."

"Na mimi niliyezileta ni mali ya nani?"

"Wewe ni mali ya Mungu. Kunywa, kikombe cha pili kinapoa."

Ameshafunga kamba ya nguo kuanzia mrunda wa kumi na nne mpaka wa ishirini na mbili. Kwenye wa thelathini ametundika Mtakatifu Gebriel. Mpangaji mmoja anauchora wa arobaini na moja kila mwezi kupima urefu wa mwanawe, na mpangaji wa upande wa pili wa ukuta anakoroma mpaka wa hamsini unatetemeka. Haya nayajua kwa sababu huwa napita pale, alfajiri, kwa bahati tu.

4. Kanuni. Eyoel alipofungua kitabu chenu cha kanuni za usanifu, hakukuta popote pameandikwa habari za mrunda wa mkaratusi. Akaja kwangu na daftari kutafuta marejeo.

"Gashe, mrunda wako unabeba mzigo kiasi gani?"

Nikamwambia kweli, maana sisemi uongo katika mambo ya kazi. "Siku ya Fasika ya mwaka jana shemeji yangu aliukalia mmoja uliolazwa juu ya mawe mawili, akiwa ameshakula doro wat na mayai saba. Haukulia."

Akaandika. "Na kunyumbuka kwake?"

"Ukiupiga teke, unakurudishia."

Akaandika hilo nalo. Wiki iliyofuata nikaona kundini jedwali lenye nukta na desimali, na chini yake jina langu kama marejeo. Leo wahandisi wa Hawassa na Dire Dawa wanasanifu kwa kipimo kinachoitwa shemeji. Nimesoma kwa macho yangu mtu akiuliza kama ngazi ya ghala lake ikipitishwa kwa shemeji wawili na nusu inatosha, akajibiwa kwamba kwa usalama aweke watatu. Sikatai heshima. Ninacholalamikia ni kwamba shemeji yangu ana kisukari, amepungua sana tangu Fasika ile, na hakuna aliyerekebisha jedwali.

5. Mrunda wa tisini na tatu umechipua. Eyoel akauliza kundini kama majani yahesabiwe mzigo wa kudumu au mzigo wa kupita. Mlibishana siku tatu. Mrunda ukaongeza tawi.

6. Sasa nafika kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Binti yangu Yeshimebet, wa pekee, niliyemlea mwenyewe tangu mama yake afariki akiwa na miaka minne, anaolewa Jumapili ya tatu ya mwezi wa Ginbot. Nusu ya Kotebe imeolewa chini ya mabanda yaliyosimama kwa mirunda yangu. Niambie basi, Mheshimiwa, baba huyo amfanyie binti yake harusi chini ya nini? Mirunda yote mizuri iko kwa Weyzero. Iliyobaki uani kwangu ni kuni za kuchomea injera.

Baba wa bwana harusi anatoka Debre Birhan, na ni mtu asiyesema. Ni aina ya mgeni anayehesabu miti ya banda kabla hajakaa. Na hapa Kotebe yupo Tilaye, mkodishaji wa mabomba ya chuma, ambaye tumechukiana kwa adabu miaka ishirini. Alinisimamisha mbele ya kanisa, watu wanasikia.

"Shibabaw, chukua mabomba yangu, bure, kwa ajili ya mtoto. Sitacheka mpaka jioni."

Nilimshukuru. Nilikwenda nyumbani sikula. Yeshimebet akaniwekea shiro mbele yangu, akaniambia, "Baba, kwani lazima banda? Dari tunalo." Watoto husema mambo. Sikuelewa anasema dari gani.

7. Kwa hiyo, nikifuata hesabu zenu wenyewe: kama mirunda yangu ni nguzo, aliyeisimamisha kwa mkono wake ndiye aliyejenga nyumba, basi mimi ni mhandisi na naomba niitwe Injinia Shibabaw kuanzia tarehe ya barua hii. Kama nyumba inasimama kwa nguzo zangu, kila nilichokodisha maishani ni nyumba, na nusu ya Addis Ababa ni mpangaji wangu. Sitaki kufika huko. Mimi si mtu wa kuwatoa watu nje.

Naomba jambo moja dogo. Uiamuru mirunda ishuke kabla ya harusi. Na kama wanachama wako bado wanaogopa, ninalo suluhisho lisilohitaji kompyuta. Wako mia nne. Nichagulie mia na themanini na sita, wenye urefu unaolingana. Waje Jumamosi, kila mmoja asimame mahali pa mrunda wake, mikono juu, washike slabu mpaka Jumatatu nitakapoirudisha. Wafupi wapewe tofali. Kwa kuwa mikono yao itakuwa na kazi, wasichana wa harusi watapita na sinia na kuwalisha tonge mdomoni, kama tunavyomlisha mtu tunayempenda, na hakuna atakayerudi kwao na njaa. Yule wa Bahir Dar asisimame. Yeye akae na wazee.

Nakusalimu wewe na wa nyumbani kwako, wahandisi wote wa kundi, wanaojibu na wanaosoma kimya kimya. Msalimie Eyoel, mwambie viatu vyake vilisahauliwa kwa Weyzero na vimeshavaliwa. Fasika iliyopita iwe imewapita vizuri.

Ni mimi, mwenye subira,
Shibabaw Engida

Tanbihi. Barua ilikuwa imeisha, ila jana nilijaribu kuchomoa mrunda wa tisini na nne. Ulitoka kama jino la mzee, na slabu haikusema neno. Nikaipitia yote, mmoja mmoja. Mia na themanini na mitano inazunguka kwa vidole viwili. Haijabeba kitu tangu zege likomae. Mmoja umebana, wa saba. Sijui kama slabu imeukalia au ni kabari niliyoipigilia enzi za nguvu zangu. Nilisikiliza kwa sikio, sikupata jibu. Wa tisini na nne niliurudisha mbio, nikaugongea mpaka mkono ukachubuka.

Basi nayafuta maombi yangu yote. Mirunda isiguswe, hata mmoja, na Eyoel asipandishe hata tofali, mpaka uje wewe mwenyewe uweke mkono juu ya huo wa saba. Kompyuta iache. Njoo kabla ya harusi, maana itakuwa humo humo. Weyzero amekubali, na Yeshimebet ameshaipaka mirunda chokaa na kuifunga utepe, hata ule wenye majani. Kama wa Debre Birhan anataka kuhesabu miti, atachoka.

Mrunda wa saba uko kati ya kitanda changu na cha binti yangu. Bahati nasibu ya nyumba sikushinda. Mimi ni mpangaji wa Weyzero Alganesh, chumba cha chini, mwaka wa tatu.